Punguzo la Tarehe 22 Juni: kisa cha mbio za Dodoma na watu waliokuwa wanangoja mshahara

Siku mbili kabla ya mshahara wa Juni kuingia, kamati ya mbio fulani jijini Dodoma ilishusha ada kutoka shilingi 40,000 hadi 30,000. Ndani ya siku kumi idadi ya waliolipa ikazidi mara mbili, na kwenye kundi la WhatsApp la kamati pongezi zikamiminika. Mbio zikakimbiwa, picha zikapigwa, watu wakarudi makwao na medali shingoni. Mweka hazina alipofunga vitabu akakuta pengo la shilingi milioni 11.78.

Tuseme mapema: kisa hiki tumekiunda. Hakuna mbio halisi zinazolengwa, na namba za kamati ni za mfano, zimepangwa zifanane na ukubwa wa mbio za mkoani ili hesabu isomeke. Yanayohusu nauli ya treni, mishahara ya serikali, misimu ya Dodoma na mbio za London na New York ni mambo yalivyo.

Hali kabla ya punguzo

Ni mbio za kilomita 21, 10 na 5, Jumapili ya mwisho ya Julai, kuanzia bustani ya Chinangali. Ada ni moja kwa umbali wote. Usajili ulifunguliwa tarehe 1 Mei: mtu anajaza fomu mtandaoni, anachagua umbali na saizi ya tisheti, kisha analipa kwa simu. Mwaka uliotangulia walilipa watu 1,650. Kamati ikalenga 2,000, na mwezi huohuo wa Mei ikaagiza tisheti 2,000 na medali 2,000.

Haraka hiyo haikuwa ya kijinga. Maonyesho ya Sabasaba ya Dar es Salaam yanafunguliwa mwishoni mwa Juni, na Nanenane ya Nzuguni, Dodoma, inafuata mwanzoni mwa Agosti. Kuanzia katikati ya Juni wachapaji wa tisheti na mabango wana foleni, na mwenye oda ndogo ya mbio anajikuta nyuma ya oda ya wizara. Kamati iliyowahi kupokea tisheti usiku wa kuamkia mbio haitaki kurudia.

Kufikia tarehe 22 Juni fomu zilizojazwa zilikuwa 1,660. Waliolipa walikuwa 610. Waliobaki, 1,050, majina yao yapo, saizi zao zipo, hela haijaja.

Wakati huohuo wadhamini waliokuwa wameahidi milioni 18 walibaki na ahadi ya milioni 12, kwa sababu mmoja wao alibana matumizi. Huu ndio mtikisiko wa kwanza wa kiuchumi kwenye kisa chenyewe, na ulifika kabla mkimbiaji yeyote hajaamua lolote. Kampuni ikianza kukaza mkanda, udhamini wa michezo unakatwa mapema, kwa kuwa haumwachishi mtu kazi.

Kamati ikaunganisha mambo mawili, mdhamini aliyepunguza na fomu 1,050 zisizo na hela, ikatoka na hukumu moja: maisha yamekuwa magumu, watu hawana hela, tushushe bei.

Kichwa kimoja kinaacha nini

Hela ya mshiriki haikai mfukoni mwa kamati. Tisheti ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi, chapa mbele na mgongoni, ni 12,000. Medali na utepe wake 5,000. Namba ya kifuani pamoja na chipu ya kupimia muda, ambayo ni ya kukodi, 6,000. Maji na matunda 2,500, mfuko wa kubebea vifaa 1,500, makato ya malipo na ujumbe wa simu 1,000. Jumla 28,000.

Kwa ada ya 40,000 kinabaki 12,000. Kwa ada ya 30,000 kinabaki 2,000. Ada imepungua kwa robo tu, lakini kinachobaki kimekuwa sehemu moja ya sita.

Kinachobaki ndicho kinacholipa gharama zisizojali idadi: vibali, askari wa barabarani, magari mawili ya wagonjwa, jukwaa na spika, vyoo vya kuhamishika, kupima njia, zawadi za washindi, matangazo ya redio. Hizo ni milioni 24. Ukitoa milioni 12 za wadhamini, zinabaki milioni 12 za kutafutwa kwenye ada. Kwa bei kamili ni watu 1,000 barabara. Wale 610 walikuwa wameshaleta milioni 7.32, kwa hiyo zilikuwa zinakosekana milioni 4.68. Kuzipata kwa ada ya 40,000 walihitajika watu 390. Kuzipata kwa ada ya 30,000 walihitajika watu 2,340, na kamati ilikuwa na tisheti 1,390 tu zilizobaki ghalani.

Hesabu hiyo inafanyika kwa dakika tano kwenye simu. Haikufanywa, kwa sababu kila mtu alikuwa akitazama salio la lipa namba. Salio lilipanda kweli: watu 870 waliingia kwa bei ya punguzo wakaleta milioni 26.1. Ila walichoacha baada ya gharama zao ni milioni 1.74. Jumla ya waliolipa ikafika 1,480, jumla ya kilichobaki milioni 9.06, pengo milioni 2.94. Ongeza tisheti 520 na medali 520 zisizo na mwenyewe, milioni 8.84, ndipo unapata ile 11.78.

Ni nani hasa aliyeitikia?

Swali la kuuliza baada ya punguzo lolote si wangapi waliingia bali wangapi wasingeingia bila hilo punguzo. Kamati nyingi haziwezi kulijibu. Hii iliweza, kwa kuwa fomu ilitenganishwa na malipo na kila fomu ina tarehe. Katika wale 870, watu 540 walikuwa na fomu tangu kabla ya tarehe 22 Juni. Walishaamua kukimbia. Walichokuwa wanangoja ni mshahara, na mshahara ukaingia tarehe 24.

Mtumishi wa Dodoma aliyepanga chumba mtaa wa Kisasa au Ipagala, hela yake inaingia katika wiki ya nne ya mwezi na inagawanywa siku ileile: kodi, marejesho ya mkopo, mchango wa kikoba, ada ya mtoto, hela ya kijijini. Tarehe 10 ya mwezi shilingi 40,000 kwake ni hela kubwa, na tarehe 25 hela hiyohiyo ni kitu cha kulipia huku amekaa kwenye daladala. Ukichora malipo ya usajili kwa siku, utaona vilima vitatu: mwishoni mwa Mei, mwishoni mwa Juni, na kingine kidogo siku ya mwisho. Katikati ni tambarare. Kamati ilitazama tambarare ya Juni ikadhani ni jangwa, ikatangaza punguzo kilima kilipokuwa kinaanza kupanda.

Hapa mtetezi wa kamati ana hoja, tena nzuri. Tisheti na medali zilishalipiwa tangu Mei. Tarehe 22 Juni, kichwa kimoja zaidi hakikuwa kinagharimu 28,000 bali 11,000 tu: chipu, maji, mfuko na makato. Kwa ada ya 30,000 kinaacha 19,000, na vichwa 870 vinaacha milioni 16.53. Bila punguzo, tuchukulie wale 540 wote wangelipa 40,000 na asije mwingine hata mmoja: wangeacha 29,000 kila mmoja, milioni 15.66. Punguzo limeshinda kwa shilingi 870,000.

Ushindi wenyewe ni mwembamba. Katika wale 330 waliokuja bila fomu ya awali, wangepatikana 30 tu wa kulipa bei kamili na ushindi umeisha. Na kwa upande wa pili, kama miongoni mwa wale 540 wapo ambao 40,000 ingewashinda hata baada ya mshahara, punguzo linapata nguvu kidogo. Yote mawili yanawezekana. Kinachoonekana ni kwamba punguzo halikuiangusha kamati wala kuiokoa, maana oda ya Mei ilikuwa imeshafanya kazi hiyo.

Tuyaweke matokeo manne pamoja. Oda ya 2,000 na punguzo: hasara milioni 11.78. Oda ya 2,000 bila punguzo, wakilipa wale 540 tu: hasara milioni 12.65. Oda inayofuata malipo, na punguzo: hasara milioni 2.94. Oda inayofuata malipo, bila punguzo: ziada ya milioni 1.8. Kikao cha tarehe 22 Juni kilibishana usiku kucha kuhusu jambo lenye uzito wa laki tisa, na lile lenye uzito wa milioni tisa hadi kumi na nne lilipitishwa Mei bila mjadala.

Kuna gharama moja zaidi ambayo haimo kwenye hizo nne. Wale 610 waliowahi kulipa 40,000 waliona tangazo la 30,000 kama watu wengine wote. Baadhi waliuliza kama watarudishiwa tofauti. Hawakurudishiwa. Mwakani watajaza fomu Mei na kukaa kimya hadi Juni 22.

Kwa nini London haina tatizo hili

Wanaopanga mbio za mikoani hupenda kutolea mfano miji mikubwa: mbona kule hali ikiwa ngumu watu hawapungui? Ni kweli hawapungui, na inafaa kuona kwa nini.

Uingereza ilifikia mfumuko wa bei wa asilimia 11.1 Oktoba 2022, na waliohisi maumivu ni hao hao wanaokimbia mbio za London. Katika bahati nasibu ya nafasi za mwaka 2024 waliomba watu 578,374. Za mwaka 2025 wakaomba 840,318. Za mwaka 2026, watu 1,133,813. Marekani nayo: ukosefu wa ajira uligonga asilimia 10 Oktoba 2009, na mbio za New York zilizokimbiwa tarehe 1 Novemba mwaka huohuo zilimalizwa na watu zaidi ya 43,000, wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Mbio zilizoanza mwaka 1970 ndani ya bustani ya Central Park kwa ada ya dola 1, wakaanza watu 127 na kumaliza 55, zilikuwa zimegeuka kitu ambacho mtu anakipanga miaka. (Mwaka 1989 mshindi wake alikuwa Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, kwa saa 2:08:01. Anayesema Dodoma na marathoni ni mambo ya juzi aelezwe.)

Jambo la kwanza ni foleni. Mbio za London za Aprili 2025 zilimalizwa na watu 56,640. Ukiwa na waombaji laki nane na nafasi zisizofika elfu sitini, hata nusu ya waombaji wakifilisika leo mbio zinajaa. Uchumi unabadilisha nani anakimbia, haubadilishi wangapi. Mbio za Dodoma hazina foleni mlangoni. Kila anayesita anaacha shimo linaloonekana.

La pili ndilo linalosahaulika. Ile milioni moja na ushei ya London ni maombi. Mkazi wa Uingereza haombwi hela ili aingie kwenye bahati nasibu. Anadaiwa ada akishinda. Kwa hiyo namba ya London inapaswa kulinganishwa na fomu 1,660 za Dodoma, si na malipo 610. Kujaza fomu ni kusema natamani, na matamanio hayajui mfumuko wa bei. Tena hali ikibana watu wanatamani zaidi: mbio ni starehe ambayo mazoezi yake ni ya bure.

Ada ni sehemu ndogo ya safari

Turudi kwa mkimbiaji. Anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR ya kawaida alilipa 31,000 kwa nauli zilizotangazwa mwaka 2024, kwenda na kurudi 62,000. Tumpe gesti ya 40,000 kila usiku kwa usiku mbili, chakula 30,000, bodaboda na bajaji 10,000, na ada 40,000. Jumla 222,000. Ada ni asilimia 18 ya safari, na punguzo la 10,000 ni chini ya asilimia 5. Mtu huyu hakuhitaji punguzo la Juni. Alihitaji kuijua tarehe ya mbio Januari, aanze kuweka kidogo kidogo, na uhakika kwamba tarehe haitasogezwa. Kamati inayosogeza tarehe mara moja inampotezea nauli, na mwaka unaofuata hamwoni.

Klabu za jogging za mikoa jirani zina hesabu yao ya pekee. Klabu ya Singida inakodi Coaster ya abiria 28, tuseme kwa 600,000 pamoja na mafuta. Wakijaa, kila mtu 21,400. Wakilipa 18 tu, kila mtu 33,300. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ikitangaza bei mpya za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi na mwenye gari akaongeza chake, wawili watatu wanajitoa, gharama ya waliobaki inapanda, na wanne wengine wanajitoa. Ndiyo maana usajili wa klabu hauji mmoja mmoja. Unakuja kwa mafungu ya 28 au hauji kabisa. Kamati ikiona klabu imekaa na fomu 20 bila malipo, dawa si punguzo la ada. Dawa ni kuipigia simu klabu nyingine ya njia hiyohiyo, wachangie gari.

Kwa mkazi wa Dodoma, kinachobana ni viatu. Kiatu cha kukimbilia kinachoka kati ya kilomita 500 na 800. Anayejiandaa na kilomita 21 kwa wiki 12, akikimbia kilomita 40 kwa wiki, anamaliza kilomita 480 kabla ya siku yenyewe, yaani karibu kiatu kizima. Kipya cha maana ni hela ya kodi ya chumba. Cha mtumba pale soko la Sabasaba la Dodoma kinapatikana kwa bei ya kuongea, ila hakuna ajuaye kimeshakimbia kilomita ngapi Ulaya, na soli ya ndani ikishakufa, nyama ya paja na goti vinalipa deni. Basi mtu anashuka kutoka 21 hadi 10, au kutoka 10 hadi 5, ingawa ada ni ileile. Uchumi ulimpunguzia umbali kabla ya kumpunguzia mbio. Kwenye mpango kamati ilikuwa na watu 600 wa kilomita 21, 600 wa 10 na 800 wa 5. Waliotokea ni 250, 490 na 740. Soma safu hiyo ya kwanza: anguko la zaidi ya nusu, ambalo jumla ya 1,480 inalificha.

Kalenda ya mji huu

Dodoma ina mwaka wake wa hela, tofauti na wa Dar es Salaam. Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti: gesti zimejaa, mama lishe wanauza, bodaboda hawalali. Bunge likiahirishwa mji unapumua. Vyumba vinashuka bei, jambo jema kwa mgeni wa mbio za Julai, lakini mfanyabiashara mdogo anaingia kwenye mwezi mkavu. Mtu wa namna hiyo anatakiwa alipe Mei, akiwa na mzunguko. Ukimngoja Julai umemkosa.

Mtumishi ni kinyume chake. Nyongeza za serikali kwa kawaida zinaanza na mwaka mpya wa fedha, Julai. Mei Mosi ya 2025 pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kwa ada ya 40,000 maana yake ni kushuka kutoka karibu asilimia 11 ya mshahara hadi asilimia 8, nafuu kubwa kuliko punguzo lolote la kamati. Ila mshahara wa Julai unaingia mwishoni mwa Julai. Mbio zilizofunga usajili wiki mbili kabla ya Jumapili ya mwisho haziioni hata senti ya nyongeza hiyo mwaka huo. Tangazo la Mei linaongeza fomu. Hela inaonekana Agosti.

Ofisi zinazolipia watumishi wake kwa pamoja nazo zina mlango unaojifunga. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na kasma mpya (fungu la bajeti) haianzi kutoa hela asubuhi ya Julai 1. Wiki kadhaa zinapita. Ankara ya usajili wa watu 60 ikifika kwa mhasibu Mei inalipika. Ikifika Juni 25 inakuta malipo yanafungwa na kila mtu ana presha. Ikifika Julai itasubiri, na mbio hazisubiri. Katika kisa chetu barua za kuomba ofisi zilitoka Juni 18.

Mkulima tumtaje kwa ufupi. Alizeti na mtama huanza kuwa hela kuanzia Juni, zabibu Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Mbio zenye ndoto ya kupata washiriki wa Hombolo na Mpunguzi zingewekwa Septemba.

Ilivyopaswa kupangwa

Tisheti ziagizwe mara mbili. Oda ya kwanza Mei, 800, zikiwa na mchanganyiko wa saizi kutoka kwenye takwimu za mwaka uliopita, na mkataba na mchapaji unaomshikia kitambaa na siku ya mashine kwa oda ya pili. Ada ya kushika nafasi hiyo, hata ikiwa 1,000 kwa kila tisheti, ni rahisi kuliko tisheti 520 ghalani. Oda ya pili itoke tarehe 28 Juni, baada ya kilima cha mshahara, kwa kuhesabu waliolipa na kuongeza 50 za akiba. Kosa la kawaida kwenye oda ya pili ni rangi kutolandana na ya kwanza. Chukua kipande cha kitambaa cha oda ya kwanza, usitume picha kwa simu.

Medali isiandikwe mwaka. Mwaka na umbali viwe kwenye utepe. Utepe uliobaki unatupwa kwa hasara ya mia chache, medali inarudi kabatini kungoja mwakani.

Ada ipande, isishuke, na ngazi zote zitangazwe siku ya kwanza: 35,000 Mei, 40,000 Juni, 45,000 Julai. Mwisho wa ngazi za Mei na Juni uwe tarehe 28, si tarehe 15. Ngazi inayoisha katikati ya mwezi inawaadhibu wanaosubiri mshahara, na ndio wengi wa mji huu.

Kwa mwenye hali ngumu kweli kuna njia bora kuliko punguzo, nayo ni usajili bila tisheti. Watu wengi wana tisheti nne za mbio kabatini. Mkimbiaji wa kilomita 5 asiye na tisheti wala mfuko, mwenye namba ya karatasi ya 1,000 isiyo na chipu, anagharimu 9,500: medali, namba, maji, makato. Mtoze 20,000, anaacha 10,500. Linganisha na 2,000 aliyoacha yule wa punguzo. Wa kilomita 10 au 21, ambaye chipu anaihitaji, anagharimu 14,500. Mtoze 25,000, naye anaacha 10,500. Wapo watakaosema mbio bila tisheti si mbio. Hao walipe 40,000.

Kuhusu chipu kwa watu wa kilomita 5, tusidanganyane. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Pale kipimo kilikuwa na kazi. Anayekimbia kilomita 5 huku amemshika mtoto mkono, akisimama kupiga picha, saa ya mkononi inamtosha.

Siku yenyewe

Kushuka kwa umbali kulijitokeza tena kwenye maji. Kituo cha mwisho cha njia ya kilomita 21 kilipangiwa katoni 50 za chupa 24, kwa hesabu ya watu 600 na chupa mbili kwa kila mmoja. Walipita watu 250, zikatoka katoni 21. Nyingine 29 zilikaa pembeni mwa barabara zikilindwa na kijana mmoja. Kwenye lango la kumalizia, ambako watu wa 5 na 10 waliingia kwa wimbi moja, maji yaliisha kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Gari la kuyahamisha lilikuwapo, lakini barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya wakimbiaji. Baridi ya Julai ndiyo iliyoepusha balaa. Mbio hizohizo zingekuwa Novemba, magari ya wagonjwa yangepata kazi. Mgawo wa maji ulipaswa kupangwa upya wiki ya mwisho kwa idadi ya kila umbali, na idadi hiyo ilikuwa kwenye fomu muda wote.

Zile tisheti 520 zilikuwa na mwaka mgongoni. Kamati iliziuza kwa klabu za jogging kwa 5,000, za mazoezi. Zikaondoka 300, zikaingiza milioni 1.5. Mwaka uliofuata, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kadhaa kati yake zilionekana mstari wa kuanzia Chinangali, bila namba kifuani, wenye nazo wakinyoosha miguu karibu na meza ya maji.